Barua ya wazi kwa Rais wa FIG: Wasichana wasubiri hadi 18

Kwa Bw. Morinari Watanabe,
Rais, Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki (FIG),
Lausanne, Uswisi.

YAH: UMRI WA KUINGIA DARAJA LA WAKUBWA KATIKA JIMNASTIKI YA MIDUNDO

Mheshimiwa Rais,

Pokea salamu kutoka Tanga. Nafundisha michezo shule ya msingi, ikiwemo jimnastiki ya midundo, yaani msichana kucheza kwa muziki akitumia ringi, mpira, virungu (vijiti viwili vya kurusha) au utepe. Wasichana wangu huchezea tepe tulizozishona wenyewe kwa mabaki ya satini ya fundi cherehani. Sina mwanafunzi wa kupeleka Olimpiki, kwa hiyo katika jambo hili sina wa kumpigia debe. Ombi langu ni moja: msichana asishindane na wakubwa mpaka mwaka anaotimiza miaka 18. Kanuni yenu ya leo inasema 16.

Najua nitaambiwa kwamba huu ni mchezo wa wadogo, na kwamba mwili ukishakomaa mambo yamekwisha. Basi tuhesabu pamoja. Mchezo huu uliingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na hadi Paris 2024 dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja imetolewa mara 11. Lori Fung wa Kanada aliichukua ya kwanza akiwa na miaka 21. Seoul, Marina Lobatch alikuwa na 18. Barcelona, Oleksandra Tymoshenko 20. Atlanta, Kateryna Serebrianska 18. Yulia Barsukova alishinda Sydney na Alina Kabaeva akashinda Athens, wote wawili wakiwa na 21. Evgenia Kanaeva alishinda Beijing akiwa na 18, kisha akarudi London na miaka yake 22 akashinda tena, na hadi leo hakuna mwingine aliyeipata mara mbili. Margarita Mamun alikuwa na 20 kule Rio, na Linoy Ashram 22 kule Tokyo.

Anabaki Darja Varfolomeev wa Ujerumani, aliyeshinda Paris akiwa na 17. Lakini yeye kazaliwa Novemba 2006, yaani mwaka huo huo alitimiza 18. Kwa kanuni ninayoiomba, mabingwa wote hao wangeshiriki. Hakuna hata mmoja ambaye angezuiwa mlangoni.

Kwa Varfolomeev sitapita haraka, maana ndiye mfano ambao kila mtu anautaja sasa. Alizaliwa Barnaul, Siberia, mama yake naye akiwa aliwahi kucheza. Akiwa na miaka 12 aliondoka nyumbani bila wazazi, akaenda kituo cha Schmiden karibu na Stuttgart, kwa sababu babu yake alikuwa Mjerumani na njia ya uraia ilikuwapo. Ilimbidi ajifunze lugha huku akijifunza kurusha virungu. Mwaka 2022, katika mashindano ya dunia ya Sofia, akiwa na 15 tu, alipata dhahabu ya virungu na medali ya fedha ya jumla, yaani alama za vifaa vyote zikijumlishwa. Mwaka uliofuata kule Valencia akazoa dhahabu zote tano za mchezaji mmoja mmoja: ringi, mpira, virungu, utepe na jumla. Paris alipata alama 142.850, na mwaka 2025 kule Rio akawa bingwa wa dunia tena. Sina neno baya juu yake, wala juu ya mwalimu wake Yulia Raskina, ambaye mwenyewe alipata medali ya fedha Sydney. Tatizo langu liko kwa wanaoisikia hadithi hii. Kocha mwenye haraka hasikii kipaji wala bidii. Anasikia ile namba 12.

Makocha hupiga hesabu kinyumenyume. Mlango ukifunguka akiwa na miaka 16, basi mtoto lazima awe tayari akiwa na 15, mazoezi ya kutwa nzima yaanze mapema zaidi, na viungo vianze kuvutwa kabla hata hajajua kusoma vizuri. Ubaya zaidi ni kwamba umri huo wa 16 unaangukia pale pale mwili wa msichana unapobadilika: nyonga zinapanuka, uzito unaongezeka kama inavyopasa. Hapo ndipo mizani inapoingia. Mwaka 2020 wasichana waliofanya mazoezi Magglingen, kituo cha taifa cha michezo hapo hapo Uswisi mlipo, walisimulia hadharani waliyopitia. Mwaka 2022 wachezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Italia walieleza jinsi walivyokuwa wakipimwa uzito kila siku na kudhalilishwa kwa ajili ya miili yao. Adhabu kwa kocha mmoja mmoja ni sawa, lakini haitoshi, kwa sababu anayetamani mwili wa kitoto si kocha peke yake. Ratiba yenu nayo inautamani.

Wenzenu wa kuteleza kwenye barafu walilitazama jambo hili baada ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022, pale mchezaji wao Kamila Valieva wa miaka 15 alipovunjika moyo mbele ya dunia nzima. Juni 2022 shirikisho lao lilipiga kura 100 kwa 16 kupandisha umri kutoka 15 hadi 17, hatua kwa hatua. Mchezo haukufa.

Wapo watakaoumia kwa kanuni hii, na sitaficha. Taisiia Onofriichuk wa Ukraine alicheza fainali ya Paris akiwa na 16, huku nchi yake ikiwa vitani, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa Ulaya. Kwa kanuni yangu Paris asingeiona. Naliona hilo kuwa bei halisi, na bado nasema ilipwe. Mashindano ya dunia ya vijana mnayo tangu Moscow 2019. Yapanueni yachukue hadi miaka 17, wenye kipaji wapate jukwaa la wenzao.

Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ulisoma Bulgaria, kwa hiyo mchezaji wa huko, Boryana Kaleyn, sihitaji kukueleza. Tokyo alikuwa wa tano. Alirudi Paris akiwa na 23, katika umri ambao wengi huku kwetu wangemwambia atundike utepe ukutani, akapata medali ya fedha. Ukimtazama akicheza unaona mwanamke anayejua anachokisema na muziki wake. Na Cape Verde, visiwa vyenye watu kama nusu milioni, walimpeleka Wania Monteiro Athens, na akarudi tena Beijing miaka minne baadaye. Wasichana wa Afrika wanaanza wakiwa wamechelewa. Mtoto wangu anayeshika ringi kwa mara ya kwanza akiwa na 11 hawezi kuiva ndani ya miaka mitano, na kwa hesabu za leo akifika 16 anaonekana ajuza.

Pendekezo langu la utekelezaji ni hili. Msimguse yeyote anayejiandaa kwa Los Angeles 2028. Waliozaliwa 2012 ndio watakaokuwa wa mwisho kuingia kwa kanuni ya sasa, na wakishaingia wabaki. Waliozaliwa 2013 wasubiri hadi 2031, na kuanzia hapo foleni iendelee kama kawaida. Maana yake ni miaka miwili, 2029 na 2030, isiyo na sura mpya katika daraja la wakubwa. Makocha watalalamika na wadhamini watauliza maswali. Wajibuni kwa orodha ile ya mabingwa niliyoitaja hapo juu.

Tangazo likitoka mapema, mtoto aliyezaliwa 2013 atajua kwamba ameongezewa miaka miwili, na mama yake atajua la kumjibu kocha anayetaka kumhamishia bwenini mwaka huu.

Wako katika michezo,
Mwalimu wa michezo, Tanga