CERN izibe kwanza gesi inayovuja

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Kila ikitajwa maabara hiyo pamoja na tabianchi, watu hukimbilia umeme. Umeme ni mwingi kweli, kwani mashine yao ya kugonganisha protoni, yaani chembe ndogo mno zilizo ndani ya atomu, ina mzunguko wa kilomita 27 chini ya ardhi. Lakini sehemu kubwa ya umeme huo hutoka Ufaransa, kwenye vinu vya nyuklia, kwa hiyo hewa ukaa yake ni kidogo. Ripoti ya mazingira waliyoitoa 2020 inasema kwamba mwaka 2018 maabara ilitoa gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto angani, sawa na tani 223,800 za hewa ukaa, na tani 192,100 kati ya hizo zilitoka humo humo ndani, si kwenye umeme. Nyingi ni gesi za florini, zinazotumika kwenye vitambuzi, yaani vyombo vinavyonasa chembe zinazotoka kwenye migongano hiyo, na katika kuvipoza.

Mimi ni fundi friji, na mojawapo ya gesi hizo ni R134a, ile ile tunayojaza kwenye friji na AC za magari. Kilo moja ikitoroka, joto inalozuia angani ni la zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Friji ya nyumbani hubeba gramu mia moja na kitu tu. Vitambuzi vikubwa vya ATLAS na CMS, majaribio mawili ya kwenye mashine hiyo, vimekuwa vikijazwa mchanganyiko ambao zaidi ya asilimia 90 ni gesi hiyo. Gesi huzungushwa na kurudishwa, ila vipande vya plastiki vinavyounganisha mirija vikipata ufa, inavuja, na vingine viko mahali ambapo fundi hafiki mpaka mashine isimamishwe.

Kwenye karakana mteja husema, "Fundi, ongeza gesi tu." Fundi mwaminifu hakubali. Anapaka povu la sabuni kwenye viungio, anasubiri mapovu yamwonyeshe, anachomea, anavuta hewa yote iliyomo, ndipo anajaza. Na tangu mataifa yalipokubaliana Kigali, Oktoba 2016, kupunguza hatua kwa hatua gesi za jamii ya R134a, sisi mafundi tunahimizwa kuikusanya kwenye mtungi, tusiiachie hewani. Sioni kwa nini taasisi yenye wahandisi bora duniani ipimwe kwa kipimo chepesi kuliko hicho.

CERN iliahidi kupunguza gesijoto zake za moja kwa moja, yaani zile zinazotoka humo ndani, kwa asilimia 28 hadi mwisho wa 2024, ikilinganishwa na 2018. Ahadi ni njema, lakini wasomaji waangalie miaka inayolinganishwa. Mwaka 2019 na 2020 mashine ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, na takwimu zikashuka sana. Zitashuka tena katika mapumziko marefu yaliyopangwa kuanza 2026. Kushuka kwa namna hiyo si kupunguza. Mwaka wa kazi ulinganishwe na mwaka wa kazi, na kila mwaka zitangazwe kilo za kila gesi iliyonunuliwa kufidia iliyopotea. Asilimia inaweza kuficha mengi; kilo za kujazia haziwezi.

Sisemi hawafanyi kitu. Mwaka 2023 ATLAS walianza kuondoa sehemu ya R134a na kuweka kaboni dayoksaidi, ndiyo hewa ukaa yenyewe, asilimia 30 mahali pake, na baadhi ya vitambuzi sasa hupozwa kwa kaboni dayoksaidi. Kubadili gesi si jambo la siku moja, maana kitambuzi kilichotengenezwa kwa gesi fulani kinaweza kudai volti nyingine kabisa ukikipa gesi tofauti. Wala sitaki maabara ifungwe. Elimu inayotoka pale ni ya wanadamu wote, na ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Sasa kuna pendekezo la mashine mpya yenye mzunguko wa kilomita 91. Nchi wanachama ndizo zitakazoamua na kulipa. Kabla hazijaidhinisha hata senti, zidai majibu ya maandishi: vitambuzi vyake vitatumia gesi gani, na kiungio kikipata ufa, fundi atakifikia kwa njia ipi bila kungoja miaka?

Fundi friji,
Tanga