Futikamba iliyokatika ncha

Rafiki yangu,

Nimefurahi kusikia homa imekuachia na umerudi darasani. Swali lako nimekaa nalo siku tatu: ukiweka kando karatasi ya maswali ukawapima wanafunzi kwa kazi halisi, utajuaje kwamba umepima kweli? Mimi nasema wape kazi halisi, ila vigezo vitangulie.

Nikusimulie. Tulipomaliza mada ya eneo niliwapa jaribio la kawaida, maswali 10. Msichana mmoja akapata 9. Wiki iliyofuata nikawaambia wapime sakafu ya darasa, kisha wanieleze vinahitajika vigae vingapi vya sentimita 30 kwa 30. Futikamba yetu imekatika ncha, inaanzia sentimita 8. Yule msichana akaibana ukutani, akasoma 728, akaandika bila kusita. Upana akasoma 608. Akazidisha vizuri kabisa, akapata mita za mraba 44 na ushee, wakati sakafu yenyewe ni 43 na kidogo. Vigae 12 hivi vya bure, kwa kipande kidogo namna ile! Mvulana wa kundi jingine, aliyepata 4 kwenye jaribio, aliigeuzageuza futikamba mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, hizi nane za mwanzo ziko wapi?" Karatasi zangu zote za miaka hiyo hazikuwahi kumpa nafasi ya kuuliza hivyo.

Kilichoniumiza ni usahihishaji. Nilitoa alama kwa kutazama tu, na waliochora michoro ya kupendeza wakapanda. Nikampa mwenzangu ripoti zilezile, na ile niliyoipa 16 kati ya 20, yeye akaipa 11. Kila mmoja wetu alikuwa na mizani yake. Yaliwakuta hata wenye uwezo mkubwa kuliko sisi: jimbo la Vermont, Marekani, lilipoanza kupima wanafunzi kwa mafaili ya kazi zao mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya hukohuko Marekani, walikuta wasahihishaji wanatofautiana mno, hata alama ya mwanafunzi mmoja mmoja haikuweza kutegemewa.

Wanaofundisha udaktari walikuwa wameshahangaika na jambo hili. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake, kule Dundee, Uskoti, walieleza mtihani ambao mwanafunzi anapita kituo kwa kituo, kila kituo na kazi yake na orodha yake ya kukagulia. Akiteleza kimoja, vingine vinamtetea. Tangu nilipolisoma hilo simhukumu mwanafunzi kwa kazi moja, hata iwe nzuri vipi.

Siku hizi, kabla ya kazi, nakaa na darasa tukiwa na ripoti mbili za zamani, majina yamefunikwa. Nawauliza: ungekuwa fundi wa vigae, ungeichukua ipi? Wanasema wenyewe: vipimo vimerudiwa mara mbili, hesabu inafuatika, sababu imeelezwa. Urembo hawautaji! Nayaandika ubaoni kwa maneno yaleyale, hayafutwi mpaka kazi iishe. Kupima wanapima kwa kundi, lakini kila mtu anaandika maelezo yake. Bila hivyo mmoja anawabeba wenzake na wewe huna habari.

Majaribio sijayatupa. Jedwali la kuzidisha bado nalipima kwa karatasi, dakika 5, basi. Futikamba haihitajiki hapo.

Ukishatunga kazi yako ya kwanza, nitumie pamoja na vigezo kabla hujawapa wanafunzi. Baadaye niletee nakala tatu ambazo hujaziwekea alama. Nisahihishe mimi, usahihishe wewe, kisha tulinganishe. Tukipishana zaidi ya alama 3, tutafute ni kigezo kipi tulichokisema nusunusu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
mwalimu mwenzako