Tusingoje malengelenge

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Kuna kauli naisikia kila mara, hata kwa wenzangu: "Hana malengelenge, basi si herpesi." Kauli hiyo inaumiza watoto.

Kirusi cha herpesi kikiingia kwenye ubongo wa kichanga, dalili huanza zaidi wiki ya pili au ya tatu, mama akiwa ameshatoka hospitali. Mtoto ananyonya kivivu, analala kupita kiasi au analia habembelezeki. Degedege lake nalo halifanani na la mtoto mkubwa: anachapachapa midomo, macho yanaganda upande mmoja, miguu inazunguka kama ya mwendesha baiskeli. Watu husema anacheza. Na takriban theluthi moja ya watoto hawa hawatoki lengelenge hata moja.

Kumuuliza mama kama aliwahi kuugua hakutoshi. Akina mama walio wengi katika hali hii hawakujua kamwe kwamba wana kirusi. Tena mtoto mmoja hivi kati ya kumi huambukizwa baada ya kuzaliwa, pengine kwa busu la ndugu mwenye kidonda mdomoni, kwa hiyo tuache kumkodolea macho mama peke yake.

Ukishuku, maji ya uti wa mgongo yapelekwe kwenye kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, na asiklovia, dawa ya kirusi hiki, ianze kwa mshipa siku hiyo hiyo. Majibu yaikute dawa njiani. Dawa huzuia kirusi kuzaliana. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa hairudishi. Bila tiba, karibu nusu ya watoto hawa hufa. Wakitibiwa wengi huishi, lakini walio wengi hubaki na kifafa, utindio wa ubongo, upofu, kichwa kisichokua au kuchelewa kukaa na kusema.

Siku 21 za sindano zikikaribia kuisha, maji hupimwa tena, kisha hufuata miezi 6 ya asiklovia ya kunywa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walikua vizuri zaidi kiakili. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi: mtoto anaonekana mzima, kliniki inasahauliwa. Dozi inapaswa kupanda kadiri mtoto anavyokua, lakini nimeshika chupa ya mwezi wa tano yenye maelekezo ya mwezi wa kwanza.

Muuguzi, wodi ya watoto wachanga