Kati ya Muhoroni na Kisumu tunahitaji treni ya kila siku

Mhariri,

Mimi ni muuza mitumba hapa Muhoroni. Mara tatu kwa juma huamka saa tisa usiku niwahi soko la Kibuye, Kisumu, kabla belo za nguo hazijafunguliwa, kwa maana ukichelewa kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, zote zimechukuliwa, unaachiwa fagia, yale mabaki. Kununua hakunisumbui. Taabu yangu ni kufika, na zaidi kurudi.

Juma lililopita, katika matatu ya abiria 14, tulikuwa 19 ukimhesabu mtoto aliyepakatwa. Makanga alinitoza nauli ya watu wawili kwa ajili ya mzigo. Nikalipa. Tulipofika mbele kidogo akamkalisha kijana juu ya mzigo ule ule ambao kiti chake nilishakilipia. Nilipouliza niliambiwa nisambaze, yaani nijibane wengine wapate nafasi. Sasa mtu mwenye belo magotini anasambaza nini?

Kutoka dirishani, magoti yakiwa kidevuni, mara kwa mara naiona reli. Imepita Kibos, Miwani, Kibigori, Chemelil, ikafika kwetu: yapata kilomita 50, na stesheni zipo tayari. Kipande cha Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, kilikarabatiwa kwa karibu shilingi bilioni 3.8. Safari za abiria ziliporejeshwa Desemba 2021, treni ilikuwa ikitoka Nairobi kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili jioni. Ratiba kama hiyo ni nzuri kwa anayekuja kuona wazazi au kuzika. Mimi ninayetaka kuwa Kisumu Jumanne asubuhi na kuwa nyumbani Jumanne jioni, hainihusu.

Husemwa kwamba huku hakuna abiria wa kutosha. Wamehesabiwa wapi? Treni ya saa kumi na moja alfajiri haipo, kwa hiyo hakuna tikiti iliyokatwa wala mtu aliyeikosa, na daftari linabaki jeupe. Mwenye kuhesabu aje stendi ya Muhoroni Jumatatu kabla ya jogoo wa pili. Atakuta mafundi wenye mifuko ya vifaa, wanafunzi wa vyuo, akina mama wa nyanya na sukuma, na wagonjwa wenye kadi za kliniki ya Russia, hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, ambao wakifika saa nne foleni imekwisha kuzunguka jengo. Aje pia siku ya mvua, aone nauli inavyopanda bila mtu kutangaza. Shule zikifungwa, hata hiyo nauli iliyopanda haikupi kiti.

Nairobi walipitia haya kabla yetu. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012, na 2020 zikaanza kazi treni za dizeli zilizonunuliwa Uhispania, 11 kwa jumla, zikiwa zimeshatumika huko. Uzuri wake ni kwamba injini imo ndani ya behewa, basi mwisho wa safari hakuna haja ya kukata kichwa cha treni na kukizungusha upande wa pili. Dereva anahamia chumba cha nyuma na safari inaanza. Nazo zinapita kwenye reli ya upana wa mita 1, upana ule ule wa reli yetu. Sidai tugawiwe zile. Wa Nairobi wenyewe bado wanabanana. Tukianza na injini moja na mabehewa ya zamani yaliyopigwa rangi, sitalalamika.

Ila naomba wasianze kwa kuahidi safari sita kwa siku. Reli hii ni ya njia moja. Treni mbili zikielekeana, moja sharti ingoje kwenye stesheni yenye njia ya kupishana, na ya mizigo ikichelewa, ratiba yote ya siku imevurugika. Waanze na moja ya kwenda mjini alfajiri na moja ya kurudi jioni, lakini iwe ndefu. Behewa lenye viti 70 ni sawa na matatu tano. Ukifunga mabehewa matano, hizo ni matatu 25 zimetoka barabarani, na aliye usukani ni dereva mmoja. Abiria wakizidi, ongeza behewa la sita kabla hujaongeza safari. Njia za kupishana zirekebishwe wakati huo huo, ndipo safari ya adhuhuri ifikiriwe. Na tafadhali behewa moja liachwe bila viti vya katikati, liwe la vikapu, kuku na belo. Tutalipia kwa kilo.

Stesheni ya Kisumu iko chini karibu na ziwa, na Kibuye iko mbali nayo kwa mwenye mzigo kichwani. Hilo la kufika sokoni watalimaliza watu wa tuktuk wenyewe, wakijua tu treni inaingia saa ngapi.

Kuna wanaotuambia tungoje SGR, ile reli mpya pana. Ilifika Suswa, upande wa Naivasha, 2019. Hata ikija kesho, sidhani itasimama Miwani kumpakia mama na debe la nyanya.

Na tusisahau Kibos. Februari 2021 Wanubi walioishi hapo miaka na miaka walibomolewa nyumba ili reli hii ipate nafasi. Nilipita siku chache baadaye. Watu walikuwa wamekaa juu ya mabati yao. Waliong'olewa kwa jina la treni, na kwa ratiba ile ya 2021 hakuna treni ya abiria iliyotikisa nyasi za kando ya reli Jumatatu hadi Alhamisi, kama hakuna kilichotokea.

Ratiba ikibandikwa stesheni ya Muhoroni, nitakata tikiti ya mwezi mzima siku hiyo hiyo, na belo langu nitalilipia kando.

Muuza mitumba,
Muhoroni