Risala ya waendesha boti wa Usenge kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua ngazi za kukunja

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, na wenzako, walimu mliovuka na watoto kutoka kisiwa cha Mageta, wamama wa omena, yaani dagaa, mliofunga kazi juu yetu leo, mafundi, vijana wa ufuoni, wageni wote, oyawore uru, na karibuni Usenge, hapa Ziwa Victoria.

Mimi ni katibu tu, haya maneno ni ya kikundi chote, tuliyakalia chini ya mti tukabishana mpaka tukakubaliana, kwa hivyo nikisoma kitu kikali msinitafute mimi peke yangu.

Mheshimiwa, tunajua umeshasomewa risala nyingi na karibu zote zinaanza na historia, kikundi kilianza lini, na watu wangapi, na cheti kiko wapi. Hiyo yote tumekuwekea kwa faili, utasoma ukiwa kwa gari. Leo tunataka kuongea juu ya hatua mbili, ile mtu anatoa mguu nchi kavu anauweka ndani ya boti, na ile ingine ya kushuka akifika. Hizo hatua mbili ndizo zimetuumizia watu kuliko safari yenyewe.

Kila mtu akitoka ofisini akifika hapa swali lake la kwanza ni laifu jaketi. Ni swali zuri, na tunazo, na abiria akikataa kuvaa tunamshusha hata kama amelipa. Lakini hakuna mtu amewahi kutuuliza mama wa miaka sabini anapanda hii boti aje.

Wacha tukueleze venye ni. Ufuo wetu umelala, chini inaenda polepole, kwa hivyo boti ya mbao ikishapakiwa watu na magunia na injini iko nyuma haiwezi kufika kwa mchanga, itakwama, na propela itaanza kula mawe. Inasimama pale maji yanamfikia mtu magotini, siku zingine kiunoni, inategemea upepo. Asubuhi ziwa hutulia lakini mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu na mawimbi yanaanza kupiga, na sisi huku tuko ziwa wazi, hatujafichwa ndani ya ghuba kama wenzetu wa Kisumu. Sasa hapo abiria ana njia mbili, ajitose na nguo zake ama kijana ambebe mgongoni.

Hao vijana hatuwadharau, wamevusha watu wengi salama na wako hapa leo, wapigieni makofi. Lakini tuambiane ukweli. Sisi ni Wajaluo, mama mkwe huku kwetu hata kukaa naye meza moja ni maneno, sasa mama mkwe wa mtu anapanda mgongo wa kijana mbele ya soko lote, nguo imepanda, na wengine wako pale wanacheka? Mwalimu anafika shuleni kwake amebebwa kama gunia la omena halafu aingie darasani awaambie watoto wamheshimu? Na mama mjamzito ndio kabisa, huyo mgongoni hakai, tumbo litaenda wapi, inabidi vijana wawili wamshike kwa mikono, na wimbi moja likiwapata vibaya wote watatu wako chini. Wale wanaotembea na magongo ama kiti cha magurudumu, wengi waliacha tu kusafiri. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia usafiri wa umma, na boti ya Mageta ni usafiri wa umma vile matatu ya Bondo ni usafiri wa umma, hakuna barabara ingine ya kwenda kisiwani.

Kuna hii ingine ya kichocho. Kile kiminyoo kinatoka kwa konokono wadogo wa majini kinaingia kwa ngozi ya mtu, hata hunywi hayo maji, kusimama tu ndani kunatosha. Dawa iko, praziquantel, watoto wa shule hupewa, lakini kijana akimeza dawa leo na kesho amerudi kusimama kwa maji siku nzima akingoja wa kubeba, ataambukizwa tena. Na abiria ambaye anajitosa kila Jumatatu na kila Ijumaa ni vile vile.

Ndio maana tukachanga. Tulianza na pesa ya chama, wamama wa omena wakatuongezea, na fundi akakubali kulipwa polepole. Hizo ngazi unaziona pale kwa boti zimetengenezwa hapa hapa kaunti ya Siaya, hakuna kitu imetoka ng'ambo isipokuwa bolti.

Mheshimiwa, tukuonyeshe kidogo kwa sababu tunajivunia. Ngazi kubwa inakaa mbele ya boti, sio ubavuni. Hizi boti zetu ni nyembamba, mtu wa kilo tisini akining'inia ubavuni boti yote inainama upande wake na wale wameketi wanaanza kupiga kelele na kuhama, sasa hapo ndio hatari yenyewe. Mbele boti inavumilia. Tena mbele ndiko hakuzami sana, kwa hivyo nahodha anainua injini, kijana anasukuma na upondo, na pua ya boti inafika karibu na nchi kavu kuliko vile ubavu ungefika. Ngazi inakunjuliwa, miguu yake inasimama chini ya maji ama juu ya mchanga, na mtu anashuka kwa vidaraja akiwa ameshika reli pande zote mbili. Ni ngazi ya kutembea, imelala kidogo, vidaraja ni vipana mguu wote unaingia, haifanani na ile ya kupanda dari ambayo imesimama wima. Mzee mwenye goti bovu anaweza kuipanda. Juu ya kila kidaraja fundi ameweka bati la vinundu ndio maji yakimwagika mtu asiteleze.

Kulikuwa na ubishi mkubwa sana kuhusu kuifunga. Wengine walitaka ifungwe kabisa juu na chini isitikisike hata kidogo, watu waone iko imara. Fundi akakataa, na akatushinda kwa hoja. Boti inapanda na kushuka na mawimbi siku nzima, ukiifunga ngazi pande zote mbili wimbi litang'oa bolti ama litapasua mbao. Kwa hivyo juu iko kwa bawaba inayozunguka, na chini iko huru, ina viatu vya ubao mpana ambavyo vinateleza kidogo kwa mchanga na havizami kwa tope. Ikitikisika chini yako usiogope, imeundwa itikisike. Zile bolti nazo zimepita mbao mpaka upande wa pili na zimeshikwa na bamba la chuma ndani, karibu na taruma, ile mbavu ya boti, sio skrubu. Skrubu kwa mbao ya boti iliyolowa zinatoka zenyewe.

Kwa nini ikunjwe? Kwanza ngazi ikibaki chini boti ikitembea inakokota maji, na gugu maji likisukumwa huku na upepo litajaa pale mpaka injini ilie. Halafu boti zetu zinasimama zimebanana, ukiwacha chuma kimetokeza utamtoboa jirani. Inakunjwa katikati, inalazwa ndani, pini inapita, inakaa kimya. Vidole pekee ndio muangalie pale kwa bawaba wakati wa kuikunja, na watoto hatuwaruhusu kuigusa. (Na usiku tunaichomoa tunaenda nayo nyumbani. Chuma kina bei siku hizi, na sisemi zaidi kwa sababu chifu ako hapa.)

Tulitumia chuma cha galvanaizi, kile kimepakwa zinki, kwa sababu ziwa letu ni maji tamu, kutu inakuja polepole si kama wenzetu wa Mombasa na chumvi yao. Mwenye nguvu ya pesa anaweza kuweka alumini, ni nyepesi, mtu mmoja anaiinua na mkono mmoja, lakini akiweka bolti za stenlesi aweke na washa za plastiki katikati, la sivyo hizo metali mbili zikilowa pamoja alumini ndio italiwa.

Iko na ile ndogo ya nyuma, na hapa tunaomba unisikilize vizuri kwa sababu hii watu huiona kama pambo. Mtu akianguka ziwani na laifu jaketi yake hazami, sawa, lakini atarudije ndani? Nguo zimejaa maji, mikono imechoka, ukingo wa boti uko juu ya kichwa chake, hata kijana mwenye nguvu anashindwa kujivuta, na ukimvuta kwa ubavu watu watano mnaweza kupindua boti mkiwa mnaokoa mmoja. Hiyo ngazi ndogo iko na kamba inaning'inia nje, aliye majini anaivuta mwenyewe inafunguka bila kungoja mtu. Na inashuka ndani ya maji kabisa, kwa sababu daraja la chini likiishia juu ya maji mguu hauwezi kulifikia. Viwango vya boti vya Marekani, vile vya ABYC, vinataka daraja la chini liwe angalau inchi 22 chini ya maji, hiyo ni kama sentimita 56, na sisi tulifuata hiyo. Sheria yetu ya kikundi ni moja kabla mtu yeyote hajaikaribia, injini inazimwa, sio kuwekwa nyutro, inazimwa, kwa sababu propela iko pale pale.

Sasa najua kuna mtu ameketi hapo anafikiria, si mngeomba tu gati la zege mambo yaishe. Mheshimiwa ukituletea gati hatutalikataa, tutalifagia kila siku. Lakini ziwa hili haliko mahali pamoja. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 lilipanda zaidi ya mita moja, fuo zetu nyingi zikaingia majini, vyoo, mabanda, bandari ndogo ndogo, zote, na 2024 likapanda tena. Gati linajengwa kwa kimo cha maji ya mwaka huo. Miaka miwili baadaye ama limezama ama limesimama juu na boti iko chini kabisa mtu anaruka. Ngazi inapanda na boti na inashuka na boti, na ukienda Mageta ambako hakuna wa kukupokea umeenda nayo. Kwa maoni yetu hata boti inayotua kwa gati inahitaji ngazi, na mtu asikubali kuambiwa achague moja.

Vijana wa kubeba walitukasirikia, hatuwezi kuficha. Walisema tumewaua na njaa. Tulikaa nao na wakatuambia vile wanaona, na kweli walikuwa na haki, huwezi kumtolea mtu ugali mezani halafu umwambie ni maendeleo. Sasa kila boti yenye ngazi ina vijana wawili wake, mmoja anashika kamba ya mbele boti isizunguke, mwingine anasimama kando ya ngazi anampa mtu mkono na kubeba mzigo wake, na nauli ina kakitu kao ndani. Haitoshi wote. Wengine bado hawana boti, na hilo ni moja ya maombi yetu.

Maombi yenyewe mheshimiwa si mengi. Boti nyingi za abiria hapa bado hazina ngazi, na bei ya ngazi moja haifiki hata robo ya bei ya injini mpya ya nguvu za farasi 15, kwa hivyo tunaomba mfuko wa kukopeshana, sio zawadi, tutalipa kwa nauli. Tunaomba vijana wetu wapelekwe chuo cha ufundi wajifunze kuchomelea, ndio hizi ngazi ziundwe na wale wale ambao zimewatoa kwa kazi. Tunaomba wale wanaokagua boti wakija wasihesabu laifu jaketi wakaenda, wamwambie nahodha awaonyeshe vile mtu aliyeanguka atarudi ndani, na kama hana jibu boti isiondoke. Hapo tutaumia hata sisi wenyewe, tunajua, lakini tumekubaliana niisome. Na kliniki ya kichocho ije ufuoni, kwa watu wazima, sio shuleni peke yake.

Mheshimiwa, boti iko pale imekungoja, injini imezimwa. Tulitaka kukata utepe lakini wamama wakasema utepe ni wa nini, mgeni apande. Kwa hivyo tunakuomba utembee na sisi mpaka pale, viatu usivue, atatangulia dani yetu, yaani nyanya, mkongwe wa kikundi, yeye alikuwa ameapa habebwi tena na mtu yeyote mpaka kaburini, halafu wewe utafuata akishafika juu, kwa sababu ngazi ni mtu mmoja mmoja hata akiwa mheshimiwa. Ukishuka ugeuke uso uangalie boti, ushike reli mbili.

Ero kamano. Ni sisi waendesha boti, mafundi na vijana wa ufuo wa Usenge.