Glavu za fundi zinunuliwe kwa kazi, si kwa dazeni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo sisi mafundi wa magari tumelizoea mno hata hatulioni tena. Wenye gereji wengi, wakikumbushwa kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kinga, humtuma kijana Kariakoo akalete dazeni mbili za glavu nyeupe za pamba, zikagawiwa, na hapo wajibu ukahesabiwa umetimia. Nimeshika spana kwa miaka 19, na kwa kazi nyingi za gereji naona heri mikono mitupu kuliko glavu hizo.

Pamba hunywa oili. Fundi anapofungua nati ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, oili chafu hulowesha kitambaa, na tangu hapo mkono unashinda ndani ya oili hadi saa ya chakula, ilhali mwenzake asiyevaa kitu alikwisha kujifuta kwa tambara zamani. Oili iliyotembea kwenye injini ina masizi pamoja na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani, na hatari yake kwa ngozi ni ile ya kugusana nayo kila siku kwa miaka mingi. Wengi wetu jioni huitoa kwa petroli na sabuni ya unga, tukaondoa pia mafuta ya asili yanayoikinga ngozi. Ndiyo maana mikono ya makanika wa zamani hupasuka hata msimu wa mvua.

Kwa kazi ya oili na petroli, glavu inayofaa ni ya nitraili, aina ya mpira unaotengenezwa kiwandani. Glavu za mpira wa asili, zikiwemo nyingi za kuoshea vyombo, zinafanana nayo machoni lakini haziwezani na petroli. Asiyeamini akate kidole cha glavu ya mpira, akitumbukize kwenye kifuniko chenye petroli, kisha aendelee na kazi yake. Akirudi baada ya nusu saa atakikuta kimevimba, kimelegea, na kikivutwa kidogo kinachanika. Hata hivyo nitraili nyembamba ya hospitali, yenye unene wa takriban milimita 0.1, huchanwa na boliti ya kwanza yenye kutu. Ziko nene zaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya gereji, nazo humwezesha fundi kuokota nati ndogo bila kuzivua.

Wauzaji hupenda kutuonyesha alama ya ngao yenye nyundo, inayofuatiwa na tarakimu nne na herufi. Alama hiyo ni ya kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 388: tarakimu ya kwanza ni ya msuguano, ya pili ya kukatwa, ya tatu ya kuchanika na ya nne ya kutobolewa, na palipoandikwa X ina maana hapakupimwa. Ni alama yenye manufaa kwa anayebeba bati au springi, ila haisemi lolote kuhusu oili. Glavu nyingi zenye tarakimu kubwa zimepakwa nitraili kiganjani tu, huku mgongo wake ukiwa ni uzi uliofumwa ambao oili inaupenya kama chujio.

Kuna mahali ambapo glavu haitakiwi kabisa. Mwaka juzi, katika gereji niliyokuwa nikifanya kazi, kijana aliyekuwa akijifunza alikuwa anatoboa kipande cha chuma kwenye drili ya mezani. Uzi wa glavu yake ulishikwa na ncha ya drili, glavu ikajisokota na kidole kikafuata. Alipoteza nusu ya kidole cha shahada. Bosi alimlaumu kwa kutokuwa makini. Mimi namlaumu aliyemwambia azivae, na aliyemwambia ni mimi. Mkono mtupu ungepata jeraha, lakini usingevutwa. Mkanda wa feni wa injini inayounguruma nao hauna tofauti na drili hiyo.

Niongeze la magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli pamoja na umeme, ambayo sasa yanaingia gereji za mtaani kama mengine yote. Nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoweza kuzidi volti 200, na hakuna glavu kati ya nilizozitaja inayomfaa fundi hapo. Zinahitajika za mpira maalumu wa kuzuia umeme, zenye kuvaliwa glavu za ngozi juu yake, na kabla ya kila kazi hukunjwa kuanzia mdomoni ili hewa ionyeshe kama zimetoboka. Gereji isiyo nazo ingefaa imwambie mteja ukweli na kumwelekeza kwingine.

Kwa wauzaji nina ombi dogo: turuhusuni kujaribu saizi kabla ya kulipa, maana glavu inayopwaya huvuliwa siku hiyohiyo. Fundi naye apime mzunguko wa kiganja bila kidole gumba. Akipata inchi 9, saizi yake ni 9.

Katika gereji niliyopo sasa, boksi la nitraili linakaa kando ya jeki, glavu za ngozi za kazi ya eksozi zinaning'inia karibu na mtungi wa gesi, na juu ya drili nimebandika karatasi yenye maneno mawili: VUA GLAVU.

Fundi makanika,
Ilala, Dar es Salaam