Barua kutoka mwisho wa reli: huo ukomo wa nauli

Kigoma,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpendwa,

Salamu za huku mwisho wa reli. Sisi wazima, mama mkwe miguu imepata nafuu na amerudi kukaa barazani jioni. Asali uliyompa kondakta imefika salama, haikumwagika hata tone, na watoto wameshaliteremsha lile dumu hadi nusu. Asante sana.

Unasema wamekuweka kwenye kamati ya kuandika upya mwongozo wa safari za watumishi wa chuo chenu, na sehemu uliyoangukiwa ni ukomo wa nauli ya ndege. Ukaniuliza sisi tuliweka shilingi ngapi. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaona nikikujibu kwa tarakimu tu nitakuwa nimekudhulumu, maana tarakimu ndiyo iliyotuponza. Acha kwanza nikusimulie yaliyomkuta fundi sanifu wetu wa maabara.

Mwaka juzi ulitoka waraka kwamba nauli ya ndege ndani ya nchi isizidi shilingi 300,000 kwa upande mmoja, na kitakachozidi atalipa msafiri mwenyewe. Waraka wa nusu ukurasa. Waliouandika walikuwa na nia njema na hilo sina shaka nalo. Mkaguzi wa ndani alikuwa ameibua hoja juu ya tiketi zilizonunuliwa kwa bei za kutisha, na kila mtu alitaka jambo lile likome.

Kijana wetu akaitwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya siku tatu ya mashine mpya ya maabara. Dokezo la safari, yaani ile karatasi ya kuombea kibali, niliandika mimi mwenyewe. Liliingia masjala Jumanne, tarehe 3, na siku hiyo hiyo nikampigia wakala wa tiketi: nauli ilikuwa 268,000. Nikaiandika kwa penseli pembeni ya karatasi, kwa mazoea tu, sikujua kama nitakuja kuihitaji. Dokezo likaenda kwa mkuu wa idara, naye alikuwa msibani Kasulu, likalala mezani siku tatu. Likaenda kwa mhasibu athibitishe kama kifungu cha safari kina fedha. Likarudi, likaambiwa halina kiambatisho cha barua ya mwaliko, kumbe barua ilikuwepo, imechomoka tu kwenye pini. Likatumwa makao makuu. Lilipotua tena mezani kwangu lilikuwa na sahihi tano na tarehe ilikuwa 14. Nikampigia wakala. Nauli 412,000.

Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni. Akauchukua waraka ubaoni, akafuata mistari kwa kidole hadi alipofika kwenye neno "mwenyewe", akanitazama. "Kwa hiyo mama, laki moja na kumi na mbili ni zangu?" Sikuwa na jibu. Mafunzo yalikuwa keshokutwa yake na mashine ilikuwa imeshanunuliwa. Mkewe anauza migebuka pale sokoni Mwanga; zile pesa za kuchukulia mzigo Kibirizi ndizo zilizopanda ndege. Wiki mbili nzima meza ya yule mama ilikaa tupu. Niliiona kwa macho yangu, kwa sababu samaki wangu nanunua kwake.

Aliporudi kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha za safari, akaandikiwa atoe maelezo kwa maandishi kwa nini alinunua tiketi iliyozidi ukomo. Dada, hapo ndipo nilipolia. Yeye ndiye aliyeambiwa ajieleze. Zile siku kumi na moja hakuna aliyeziulizia.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma namna mashirika ya ndege yanavyopanga bei, na nikuambie nilichokielewa, maana bila kukielewa hicho hakuna kamati itakayoandika ukomo ukasimama. Chukua ile ndege ya panga boi, Dash 8 Q400 yenye viti 76. Viti vile havina bei moja. Vimegawanywa mafungu, la bei ya chini linauzwa kwanza, likiisha unapandishwa fungu linalofuata, na hivyo hivyo. Kisha shirika linajizuia kwa makusudi lisiviuze vyote kwa bei ya chini. Mwaka 1972 mtu mmoja wa shirika la Uingereza lililoitwa BOAC, Ken Littlewood, aliweka kanuni yake kwa hesabu: endelea kuuza kiti kwa bei nafuu mradi tu bei hiyo haijashuka chini ya bei kamili ukiizidisha na uwezekano wa kumpata mteja wa bei kamili. Kwa maneno ya sokoni, kama bei kamili ni laki nne na una hakika nusu kwa nusu kwamba mteja wake atatokea, basi kile kiti kwako kina thamani ya laki mbili. Anayekupa laki mbili na nusu leo muuzie, anayekupa laki na nusu mwambie vimekwisha.

Na huyo mteja wa bei kamili ni nani? Ni mtu ambaye hana hiari. Amejua safari juzi, lazima asafiri kesho, na anayelipa ni ofisi yake. Ni sisi, dada. Kanuni nzima imejengwa juu ya mtu kama sisi, na kila siku dokezo linapolala mezani kwa mtu tunakuwa tunajipeleka wenyewe kwenye lile fungu la juu. Sasa unamwekeaje msafiri ukomo kwa bei ambayo hakuisababisha?

Ndiyo maana ninakuomba, pigania hili hata kama mengine yote yatakataliwa: ukomo uhesabiwe kwa nauli ya siku dokezo lilipoingia masjala. Karani wa masjala akipiga muhuri wa kupokea, na nauli ya siku hiyo ya njia hiyo iambatishwe hapo hapo, ichapwe, isainiwe. Hiyo ndiyo iwe dari. Idhini ipewe siku tano za kazi. Zikipita, ongezeko la nauli litoke kwenye kifungu cha ofisi iliyolikalia dokezo, lisitoke mfukoni mwa msafiri. Sisi huku tumefanikiwa nusu. Nauli ya siku ya muhuri imekubaliwa tangu mwezi wa tatu, na hoja za ukaguzi zimepungua, maana sasa mkaguzi ana karatasi ya kulinganishia. Ile ya kifungu cha ofisi iliyochelewesha imekataliwa mara mbili. Walisema itavunja mahusiano kazini. Nikawajibu kwamba mahusiano ya fundi sanifu na nyumba yake nayo yalistahili kufikiriwa. Kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Jambo jingine ni hiyo tarakimu moja kwa nchi nzima. Shilingi 300,000 aliyeko makao makuu anaiona nyingi, kwa sababu safari zake nyingi ni fupi, tena za njia zenye ndege asubuhi, mchana na jioni. Ukiwa Kigoma ndege ikijaa imejaa, huna ya kusubiri jioni. Waraka unaonekana wa haki kwa kuwa namba ni moja kwa wote, lakini anayeugharimia ni aliye mbali. Nyinyi Tabora mko njia moja na sisi, unanielewa. Wekeni ukomo kwa njia: Tabora kwenda Dar, Tabora kwenda Mwanza, kila njia na dari yake, na zipitiwe kila Julai bajeti mpya inapoanza. Zisikae miaka saba bila kuguswa. Mambo yanabadilika. Ona treni ya SGR, ile reli mpya, ilivyoanza kufika Dodoma mwaka 2024: mtu wetu mwenye kikao Dodoma siku hizi tunamkatia ndege mpaka Dar, na kipande kilichobaki anapanda treni. Mwongozo wa zamani haukuwa hata na mstari wa kuandika safari ya namna hiyo. Reli hiyo ikishafika kwenu, na Mungu akijalia na huku, hesabu yote tutaianza upya.

Watu wa fedha watakwambia wasafiri kwa basi. Usikasirike, kaa nao upige hesabu. Basi letu linaondoka alfajiri na kuingia Dar siku ya pili. Treni ya zamani ni karibu siku mbili. Kwa mafunzo ya siku tatu, mtu wa basi anahitaji usiku mmoja zaidi wa kwenda na mmoja wa kurudi. Serikali ilipopandisha posho ya kujikimu ya safari za ndani kuanzia Julai 2022, kiwango cha chini kilifika 100,000 na cha juu 250,000. Kwa hiyo hata mtumishi wa ngazi ya chini kabisa, hizo siku mbili za barabarani ni laki mbili za posho. Wa ngazi ya juu ni laki tano. Ongeza nauli yenyewe ya basi, ongeza maabara iliyofungwa siku mbili. Mimi niliiandika hesabu hiyo ubaoni kwenye kikao, mhasibu wetu akainakili kwenye daftari lake, na tangu hapo hajalitaja tena basi. Kwa hiyo kipengele kiseme gharama ya safari yote, nauli na posho pamoja, kisiseme nauli peke yake. Tiketi nafuu inayomlazimisha mtu kulala Dar usiku wa ziada huenda ndiyo ya ghali.

Kuhusu daraja la kiti, najua huko kwenu kuna wakubwa watakaotaka cheo kiamue nani akae mbele. Kwa safari za ndani jambo hili lisiwapotezee muda, daraja la kawaida linatosha kwa kila mtu. Kwa safari za nje mkitaka mfano, Umoja wa Mataifa kwa watumishi wake walio wengi unahesabu saa: daraja la biashara linaruhusiwa safari ya mkupuo mmoja ikichukua saa 9 au zaidi, au 11 kama kuna kuunganisha ndege. Marekani, kwa watumishi wa serikali yao kuu, lazima safari izidi saa 14 ndipo liweze kufikiriwa. Mimi napenda kipimo cha saa. Mgongo wa mhadhiri kijana aliyekaa saa kumi na mbili angani unauma sawasawa na wa profesa, na kesho yake asubuhi wote wanatakiwa kusimama kuwasilisha mada.

Halafu kuna tiketi zisizobadilishika. Ukisema "nunua ya bei ya chini kabisa", utanunuliwa ile ambayo kikao kikisogezwa siku moja imekufa. Na vikao vyetu unavijua vinavyosogezwa! Serikali ya Marekani imekwepa mtego huo kwa kuingia mikataba na mashirika kila mwaka: kila njia ina bei yake iliyokubaliwa, ya upande mmoja, na tiketi ikighairiwa fedha inarudi. Chuo kimoja cha Tabora au Kigoma hakina nguvu ya mkataba wa namna hiyo. Ila vyuo kadhaa vikikaa pamoja, je? Hili nakuachia ulitafakari, mimi bado sijapata pa kulipeleka.

Na tafadhali, msiandike popote kwamba mtumishi anunue tiketi kwa fedha zake kisha arejeshewe. Mwenye akiba hatasikia kitu. Asiye na akiba atakopa VICOBA, vile vikundi vya kukopeshana mtaani, atalipa riba, na riba hiyo hakuna stakabadhi yake duniani itakayokubaliwa na mhasibu. Chuo kimlipe wakala moja kwa moja.

Yule kijana hajarudishiwa zile 112,000. Nimeandika dokezo jipya, safari hii nimeambatisha nakala ya lile la zamani lenye sahihi tano na ile namba yangu ya penseli, 268,000, ambayo bado inasomeka. Kikao chetu ni Alhamisi ya wiki ijayo na nimeomba liingie kwenye ajenda. Ukinitumia rasimu yako kabla ya hapo, hasa maneno ya kipengele cha siku tano, nitaisoma mbele yao, maana wakisikia na chuo cha Tabora kinaandika hivyo huenda watalegeza.

Nimempa kondakta yule yule dagaa kilo mbili, wa jana usiku, wamekauka vizuri, na chupa ya mawese. Anafika kwenu kesho. Mpokee mwenyewe stendi, usimtume mtoto. Nisalimie shemeji na bibi.

Ni mimi dada yako,
Kigoma.